Tyubu ya baiskeli, gunzi na ugali wa kiporo: kumfanyia tiba ya mkono nyumbani aliyepata kiharusi

Dada mmoja wa Uyole alinipigia simu akiniuliza ni duka gani Mbeya mjini linauza vifaa vya mazoezi ya mkono. Mama yake alikuwa na wiki tatu tangu atoke hospitali, kiharusi kimempiga upande wa kulia. Nikamwambia asinunue kitu, nitapita kesho. Nilipofika nilimkuta mama amekaa kwenye kochi, mkono umelala pembeni kama si wake. Jikoni niliona debe la maharage ya njano hayajachambuliwa, tyubu kuukuu ya baiskeli inaning'inia kwenye msumari, magunzi ya mahindi ndani ya kiroba, na ndala zilizokatika kamba. Tulianza kazi na hivyo hivyo.

Nafanya tiba kwa vitendo. Watu wengi huichanganya na fiziotherapia, na si ajabu, maana mara nyingi tunamhudumia mgonjwa yule yule. Mwenzangu wa fiziotherapia anaangalia zaidi misuli, viungo, kusimama na kutembea. Mimi nauliza mama anakulaje, anavaaje, anajitawazaje, na ni kazi gani aliyoiacha inayomuuma zaidi. Fani hii ilipopata chama chake cha kwanza huko Clifton Springs, jimbo la New York, Marekani, mwaka 1917, mmoja wa waanzilishi alikuwa George Barton, msanifu majengo ambaye mwenyewe alipooza upande wa kushoto akajitibu kwa kazi za mikono na bustani. Huku Tanzania wengi wetu tumesomea hospitali ya KCMC, Moshi, na tu wachache mno kwa ukubwa wa nchi. Ndiyo maana naandika haya: kutoka Makete au Ileje mpaka Mbeya mjini ni nauli na siku nzima, na mkono hausubiri.

Kama kuna jambo moja ninalowaomba wanaouguza nyumbani ni hili: msimnyang'anye mgonjwa kazi. Ikimshinda, badilisheni kifaa, mkao au ukubwa wa kazi mpaka aiweze walau kipande. Sehemu ya ubongo iliyokufa hairudi, lakini sehemu zilizobaki hujifunza kubeba kazi yake, na hujifunza kwa kurudiarudia kitendo chenyewe. Maendeleo makubwa huonekana miezi mitatu hadi sita ya kwanza, ingawa nimeona vidole vikiongeza nguvu hata baada ya mwaka.

Hatua ya 1: Mambo manne kabla ya kuanza

Bega kwanza. Misuli inayoshikilia bega la upande uliopooza imelegea, na uzito wa mkono peke yake unaweza kulivuta litoke mahali pake. Usimnyanyue mtu kwa kumvuta mkono huo wala kwa kumkwida makwapani. Akikaa, mkono ulale juu ya mto mapajani au juu ya meza. Akisimama au akipakiwa kwenye bajaji, ufungiwe kifuani kwa kitenge ili usining'inie, kisha kitenge kivuliwe mkifika. Mkono unaofungwa kutwa nzima hukakamaa hivyo hivyo ulivyofungwa.

Pili, joto. Mkono uliopooza mara nyingi hausikii moto. Maji ya kuoga yapimwe kwa mkono mzima, yaani ule usiopooza, na chai ya moto isipakatwe.

Tatu, kumeza. Akikohoa kila anapokunywa, au sauti ikilowa kama ana maji kooni, simamisha mazoezi yote ya chakula mpaka aonwe na mtaalamu. Kwa kila tonge akae wima, wala asilishwe akiwa amelala.

La nne ni la huku kwetu kwenye baridi. Mwezi wa sita na wa saba misuli iliyokakamaa hukaza zaidi, kwa hiyo kupasha mkono joto kabla ya kazi ni vizuri: loweka taulo kwenye maji ya uvuguvugu, kamua, mfunge dakika kumi. Lakini jiko la mkaa lisiingizwe chumbani na milango ikafungwa. Moshi wake usioonekana unaua watu waliolala, na mtu asiyeweza kuinuka kwenda kufungua dirisha ndiye wa kwanza kuathirika. Nimekuta majiko hayo pembeni ya vitanda vya wagonjwa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na kila mara nimeyatoa nje mwenyewe.

Hatua ya 2: Muulize kazi yake

Hapa niliwahi kukosea. Mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori ya njia ya Tunduma, nilimwekea ungo wa maharage achambue. Ni zoezi zuri la vidole, nalipenda. Aliusukuma ungo ukaanguka. "Mwanangu," akasema taratibu kwa ulimi mzito, "mimi nimeshika usukani miaka thelathini." Sikuwa nimemuuliza chochote. Nilikuwa nimebeba zoezi la mgonjwa mwingine nikamvika yeye.

Wiki iliyofuata kijana wake alileta kopo la nati na bolti kutoka gereji. Kubwa kwanza, za gurudumu, halafu za kati. Kufunga nati kwenye bolti ni zoezi lile lile la gumba na kidole cha shahada, tena zito kuliko maharage, na mzee alikaa nalo hadi chakula kikapoa.

Kwa hiyo kaa naye, umpe muda wa kujibu, umuulize kabla ya kuugua siku yake ilianzaje na ilikwishaje. Kama maneno yamepotea, muonyeshe vitu: mwiko, jembe, redio, sindano ya kushonea, Biblia au msahafu. Macho yatakuambia. Aliyekuwa akisuka vikapu kule Iringa mpe nyasi za milulu. Aliyekuwa akichuma chai Tukuyu, mchumie matawi ya mti wowote laini, akate majani machanga kwa kubana na vidole kama alivyozoea. Chagua kazi mbili tu za kuanzia, moja ya lazima, kama kula, na moja ya moyo wake.

Hatua ya 3: Mkao

Mkono haufanyi kazi juu ya kiwiliwili kinachoyumba. Kochi laini ni adui, kigoda ni kifupi mno. Tafuta kiti chenye mgongo ambacho nyayo zote mbili zinakanyaga chini na magoti yako usawa wa nyonga. Kiti cha plastiki kikiwa kifupi, pandanisha viwili; vinaongezeka kimo na vinakuwa imara zaidi. Visiwekwe kwenye sakafu ya saruji iliyolowa, miguu yake huteleza. Meza ifike usawa wa kiwiko. Kama hakuna meza, ubao uliolazwa juu ya mikono miwili ya kiti unatosha.

Hatua ya 4: Kijiko, bakuli na ubao

Vidole dhaifu haviwezi kubana kitu chembamba. Kijiko cha kawaida hupotea kiganjani, kucha zinachoma nyama, chakula kinamwagika, na mtu anakata tamaa siku ya kwanza. Dawa ni kunenepesha mpini.

Chukua tyubu ya baiskeli, ioshe kwa sabuni na maji ya moto, ikate utepe wa upana wa vidole viwili. Anzia mwisho wa mpini, zungusha ukivuta kwa nguvu, kila mzunguko ukipanda nusu ya uliotangulia, mpaka mpini ufike unene wa gunzi. Mwisho wa utepe uchomeke chini ya mzunguko wa mwisho, usifunge fundo, fundo linaumiza. Mpe ashike: vidole viuzunguke mpini bila kucha kugusa kiganja. Zikigusa, ongeza mizunguko.

Gunzi lenyewe pia linafaa. Toboa katikati kwa msumari uliopashwa moto, chomeka mpini wa kijiko, kazi imekwisha. Ni jepesi na halina gharama. Kasoro yake ni kwamba linanyonya maji na kuota ukungu, kwa hiyo libadilishwe kila baada ya siku chache. Soli ya ndala nene, ikatwe kipande na kutobolewa, ni nzuri kuliko vyote kwa mswaki na kalamu, kwa sababu ni laini na haitelezi kwenye sabuni. Fundi viatu yeyote atakutobolea kwa dakika mbili.

Sahani bapa iweke kando, tumia bakuli lenye kingo zilizosimama, ili chakula kisukumwe hadi ukingoni na kupanda kwenye kijiko. Chini yake tandika kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, au kipande cha tyubu kilichopasuliwa kikalazwa. Bakuli halitakimbia.

Kwa anayetaka kurudi jikoni, mwombe seremala ubao wa inchi moja, urefu kama kitabu kikubwa. Apigilie misumari miwili safi ya inchi tatu kutokea chini, ichomoze juu inchi mbili, ikiwa karibu karibu. Kiazi mviringo au ndizi mbichi huchomekwa hapo na kutulia, mkono mzima unamenya, mkono dhaifu unalazwa juu ya ubao kuuzuia. Pembeni apigilie vipande viwili vya mbao kwenye kona, mkate au kitunguu kijiegemeze. Chini gundisha tyubu. Kazi ikiisha, chomeka gunzi juu ya misumari, ubao uwekwe juu ya kabati mbali na watoto. Misumari ikishika kutu, ing'olewe ipigwe mingine.

Nimeona wanawake wakilia siku wanapomenya kiazi cha kwanza kwa ubao huu, nami sijawahi kuzoea kuliona hilo.

Hatua ya 5: Tiba iliyomo ndani ya kunawa na kula

Mara tatu kwa siku beseni na jagi vinapitishwa. Hapo pana zoezi ambalo hakuna kifaa cha dukani kinalifikia. Usimnawishe. Mmiminie maji ya uvuguvugu, mwambie mkono mzima uuchukue ule dhaifu, uupake sabuni, upite kati ya kila kidole, ukifungue kiganja. Mikono miwili inakutana, ngozi inaamshwa, macho yanaangalia. Dakika tatu zinatosha. Mtoto anayemimina afundishwe kutokuwa na haraka.

Kisha ugali. Ugali wa kiporo uliopoa ni donge bora la mazoezi: abonyeze, aviringishe, atoboe kwa gumba, agawe matonge. Ukitaka rahisi, usonge laini. Ukitaka ugumu, usonge mkavu na uuache upoe zaidi. Baada ya hapo kuku watakula, hakuna kinachotupwa. Siku gumba litakapotoboa shimo la kuchotea mchuzi, usiseme sana, mwekee mboga.

Maharage, nikishamuuliza mtu, bado nayatumia. Anza na kuyashika kwa ngumi na kuyamwaga, halafu kuyasukuma kando ya ungo, na mwisho kuokota moja moja mawe na yaliyotobolewa na wadudu. Kupukuchua mahindi kunataka nguvu ya gumba. Mpe hindi lililoanzishwa mistari miwili tayari. Vibanio vya nguo vibanwe ukingoni mwa bakuli, kisha kwenye kamba usawa wa kifua, na baadaye kamba ipandishwe. Chupa ya maji ya nusu lita ina uzito wa nusu kilo. Ijaze robo kwanza, ailete mdomoni, aishushe.

Dakika kumi hadi kumi na tano kila kipindi, vipindi vitatu au vinne kwa siku, ni bora kuliko saa nzima moja. Mkono ukianza kukunjika na kukaza kwa juhudi, au akianza kushika pumzi, pumzika.

Kuna jambo la aibu linalozuia watu wengi nami nataka lisemwe wazi. Kwetu mkono wa kushoto hauingii sahani moja na wengine. Mzee mmoja wa Rungwe aliyepooza kulia aliacha kula na wenzake, akawa anapelekewa chakula chumbani, na kwa kukaa peke yake alidhoofika mwili na roho. Familia ilifikiri anataka utulivu. Tulichofanya ni kumpa kila mtu bakuli lake, wajukuu wakakaa naye, wote na vijiko. Mkono wake wa kulia uliwekwa juu ya meza, vidole vimeshika ukingo wa bakuli, ili nao uwe mezani. Kijiko kilikaa kushoto. Baada ya wiki kadhaa kilihamia kulia kwa matonge matatu ya kwanza, njaa ikizidi kilirudi kushoto. Sikumlazimisha zaidi ya hapo. Mwombe baba mkubwa, au yeyote anayesikilizwa ukoo huo, atamke mbele ya watu kwamba ugonjwa umeruhusu kushoto.

Hatua ya 6: Kioo

Hii ni kwa ambaye vidole havijasogea kabisa. Simamisha kioo cha ukutani mezani katikati ya mikono miwili, uso wa kioo ukielekea mkono mzima, ule dhaifu ufichwe nyuma. Aangalie ndani ya kioo. Mkono mzima ukifumba na kufumbua, ataona kana kwamba ule mwingine ndio unaofanya. Ajaribu kusogeza yote miwili kwa pamoja. Njia hii ilianza miaka ya 1990 kwa watu waliokatwa viungo, kwa kazi ya V. S. Ramachandran, kisha ikahamia kwa wenye kiharusi. Dakika kumi na tano kila siku. Akipata kizunguzungu au kufadhaika, acheni. Kioo kiegemee tofali zito, kisimwangukie.

Hatua ya 7: Upande uliosahaulika

Kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo, kinachopooza kushoto, wakati mwingine humfanya mtu asiujue kabisa upande wake wa kushoto. Macho ni mazima, lakini anakula nusu ya bakuli na kusema limekwisha. Anavaa mkono mmoja wa sweta. Mbaya zaidi, watoto wakimwamkia wakiwa kushoto kwake, haitikii shikamoo, na watu wanasema ugonjwa umemletea kiburi.

Si kiburi. Mketini kushoto kwake mkimzungumzisha, mkimgusa bega kwanza. Funga kitambaa chekundu kwenye ukingo wa kushoto wa bakuli, umwambie hajamaliza mpaka akione. Redio na kikombe cha maji vikae kushoto, ila vitu vya hatari, kama jiko, visikae upande huo.

Hatua ya 8: Kuvaa na kujisaidia

Kanuni ya nguo ni moja: mkono uliopooza huingia wa kwanza na kutoka wa mwisho. Sweta liwe pana. Kwenye zipu funga kitanzi cha kamba ambacho kidole kizima kinaingia. Sketi na suruali ziwe za mpira kiunoni.

Choo cha shimo ndicho kinachowaangusha wengi. Kiti cha plastiki kitobolewe katikati kwa kisu cha moto, kingo zisuguliwe kwa msasa, kisimamishwe juu ya tundu. Kutoka mlangoni hadi chooni simika miti ya kushikilia. Mianzi tunayo, haina gharama. Na hapa wengi husahau: weka pande zote mbili. Anapokwenda, mkono mzima uko upande mmoja wa njia, anaporudi umegeuka uko upande wa pili. Nimekuta njia yenye mwanzi mmoja, mzee anakwenda vizuri na kuanguka anaporudi, na watu wa nyumbani wanashangaa.

Hatua ya 9: Ongeza ugumu, kisha uondoe ulichosaidia

Badili kitu kimoja kwa wakati. Ukipunguza unene wa mpini, chakula kibaki kile kile. Ukibadili chakula kutoka uji mzito kwenda wali wa Kyela, ambao punje zake zinatawanyika, mpini ubaki ulivyo. Akifaulu mara nane kati ya kumi, siku mbili mfululizo, sogeza mbele. Akishindwa zaidi ya nusu, rudi nyuma bila maneno mengi. Weka alama ya mkaa ukutani au kwenye kalenda kila kipindi kinapokwisha. Siku ya kliniki ipige picha uje nayo, inanisaidia kuliko maelezo.

Dawa za presha zisikatizwe eti kwa sababu mkono unarudi. Uso ukienda upande ghafla, mkono au mguu ukiishiwa nguvu upya, maneno yakivurugika, ni hospitali muda huo huo, hata kama ni usiku wa manane. Na bega likivimba au kuuma kila linapoguswa, njoo kliniki ya mkoa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya kabla ya kuendelea.

Yule mama wa Uyole tulianza naye kijiko chenye mizunguko minene ya tyubu. Kila baada ya wiki mbili hivi tulivua mzunguko mmoja. Mara ya mwisho nilipopita, ilikuwa imebaki miwili. Alikuwa amekaa kwenye viti viwili vilivyopandanishwa, kijiko amekikandamiza mezani kwa mkono wa kushoto, ncha ya tyubu ameibana kwa gumba na kidole cha shahada cha kulia, anaifungua mwenyewe.